Asiyehesabu Asihukumu

Mtu asiyehesabu hana haki ya kusifu wala ya kulaumu. Mwenye duka asiyeandika mauzo yake hawezi kusema kwamba amepata faida, na mwalimu asiyesahihisha madaftari ya wanafunzi wake hawezi kusema kwamba huyu ni hodari na yule ni mzembe. Kanuni hii kila mtu huikubali dukani na darasani. Walakini mara mazungumzo yageukiapo mvua, sisi watu wa Kitale na Bungoma, wenye elimu na wasio na elimu, huitupa kanuni hiyo kama ganda la muwa, tukahukumu kwa midomo mitupu.

Nenda sokoni Kitale siku yoyote ya mwezi wa Aprili, utamsikia mtu akisema, "Hawa watu wa utabiri ni waongo. Jana walisema itanyesha, nami sikuona hata tone." Karibu naye atasimama mwingine na kujibu, "La, ndugu yangu, mimi hufuata maneno yao siku zote, na hawajapata kunidanganya." Muulize wa kwanza, wamekosea mara ngapi tangu mwaka uanze? Hajui. Muulize wa pili, wamepata mara ngapi? Hajui vilevile. Mmoja ana chuki na mmoja ana imani, lakini wote wawili ni mahakimu waliokata kesi bila ya kusikiliza shahidi. Insha hii naiandika ili kuwapinga wote wawili. Nawapinga pia watoao utabiri wakaridhika kwamba kazi yao imekwisha mara tangazo litokapo redioni. Na katika orodha ya washtakiwa, jina la kwanza ni langu mwenyewe.

Kwanza tuutazame mto, kwa sababu mto ndio ulipao au utozao gharama ya maneno yetu. Mto Nzoia huanza katika vilima vya Cherangani na katika mlima Elgon, ambao kilele chake kimefika mita 4,321 juu ya usawa wa bahari. Hukusanya maji ya Trans Nzoia, hupita Webuye katika Bungoma, ambako huanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole, huelekea Mumias, kisha hushuka mpaka tambarare ya Budalangi katika Busia, na hapo huingia ziwa Victoria. Bonde lake lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Fanya hesabu, msomaji, maana hesabu hii haitaki ila kalamu na karatasi. Mvua ya milimita 10 ni lita 10 katika kila mita ya mraba. Mvua hiyo ikinyesha juu ya kilomita za mraba 12,000, maji yashukayo ni lita bilioni 120. Mengine hunywewa na udongo, mengine na mimea, mengine hurudi hewani. Lakini udongo ukiwa umekwisha kushiba, yabakiayo hufuata njia moja tu, na mwisho wa njia hiyo ni mlango wa nyumba ya mtu wa Budalangi.

Huko chini nchi ni sawa kama meza. Serikali ilijenga matuta ya udongo kando ya mto ili kuyazuia maji, lakini matuta hayo yamepasuka mara nyingi: miaka ya 2003, 2007, 2008 na 2020 ni baadhi tu. Kila mara yapasukapo, maelfu ya watu huhama na watoto wao, mifugo yao na mabati ya nyumba zao. Jambo ambalo mgeni hulistaajabia ni kwamba mtu wa Budalangi aweza kufurikiwa huku jua likiwaka juu ya kichwa chake. Mvua imwondoayo nyumbani aghalabu haikunyesha kwake. Ilinyesha kwetu huku juu, juzi au jana, tulipokuwa tukibishana sokoni kama mtabiri ni mwongo au ni mkweli.

Sasa nitoe ushahidi wangu. Mwanzoni mwa Mei 2020, shule zilipokuwa zimefungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, nilikuwa nyumbani Kitale. Mwalimu mwenzangu, niliyesoma naye katika chuo cha ualimu, ambaye kwao ni Budalangi, alinipigia simu jioni. Baada ya kusalimiana aliniambia, "Mwalimu, mto umejaa. Wazee wanashauriana kama tuhame au tungoje. Huko kwenu juu mvua ikoje?" Nilitazama dirishani. Ua ulikuwa mkavu na kuku walikuwa wakichakura vumbi. Nikamjibu, "Tulieni, Mwalimu. Huku ni jua tupu." Tangazo la mvua kubwa nilikuwa nimelisikia redioni siku ile ile, nami nililicheka, kwa kuwa wiki iliyotangulia lilitolewa tangazo kama hilo na mahindi yangu hayakupata hata umande wa maana.

Usiku ule mvua ilinyesha milimani, nami nilikuwa nimelala. Siku mbili baadaye mwenzangu alinipigia tena kutoka katika darasa la shule walikokimbilia. Maji yalikuwa yamefika madirishani. Mama yake mzee alitolewa kwa mtumbwi kabla ya alfajiri. Vitabu vyake vyote, na vyeti vyake, vilikwenda na maji. Hakunilaumu. Afadhali angalinilaumu, maana mtu alaumiwaye hupata nafasi ya kujitetea, na mimi sikuipata.

Nimeipima hatia yangu mara nyingi tangu siku ile. Sikusema uongo, kwa kuwa ua wangu ulikuwa mkavu kweli. Nilikosa mambo mawili. La kwanza, nilipima bonde zima kwa dirisha moja. La pili, nilimhukumu mtabiri kwa kosa la wiki moja, bila ya kujua kama wiki nyingine kumi alisema kweli. Makosa hayo mawili ndiyo yafanywayo kila siku na watu wengi wenye akili timamu, na ndiyo nitakayo vijana wa shule wayaache.

Utabiri wa siku hizi hautoki katika ndoto. Kompyuta zenye nguvu hugawa anga ya dunia yote katika visanduku, kila kimoja kikiwa na upana wa kilomita kama 10, kisha hukokotoa kwa kanuni za fizikia jinsi upepo, joto na unyevu utakavyobadilika saa baada ya saa. Hesabu hizo huitwa modeli. Ipo modeli ya kituo cha Ulaya chenye makao makuu Reading, Uingereza, ipo ya Marekani, na zipo nyingine. Lakini wingu la radi lizaliwalo alasiri kati ya ziwa na mlima laweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Wingu hilo hutoshea ndani ya kisanduku kimoja na kupotea humo, na modeli hailioni ila kwa kukisia. Ndiyo sababu mvua ya nchi za joto ni ngumu kutabiriwa kuliko mvua ya Ulaya, ambayo mara nyingi huletwa na mifumo mikubwa ya hewa isafirio polepole na kuonekana tangu mbali.

Kutokana na hayo msomaji atafahamu jambo ambalo watu wa sokoni hawalifahamu. Modeli yaweza kukosea shamba lako ikawa imesema kweli juu ya bonde lako. Ikiwa mvua iliyotabiriwa katika kijiji kimoja cha mteremko wa kusini-mashariki wa Elgon ikanyesha katika kijiji cha pili, mwenye shamba la kwanza atakasirika, na kwa shamba lake ana haki. Lakini maji ya vijiji vyote viwili hushukia Nzoia, na mtu wa Budalangi hajali yalianzia wapi. Kwa hiyo kuuliza tu, "Je, utabiri ni wa kweli?" ni kuuliza nusu ya swali. Sharti tuulize: wa kweli mahali gani, kwa siku ngapi, kwa kiasi gani cha mvua, na kwa kazi ya nani?

Namna ya kuhesabu si siri. Chora mraba, uugawe katika vyumba vinne. Katika chumba cha kwanza andika siku ambazo mvua kubwa ilitabiriwa ikanyesha. Katika cha pili andika siku ambazo ilinyesha bila ya kutabiriwa. Katika cha tatu andika siku ambazo ilitabiriwa isinyeshe, yaani kengele za bure. Katika cha nne andika siku ambazo haikutabiriwa wala haikunyesha. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya kazi hii. Lakini jihadhari na chumba cha nne, maana ndicho kificho cha wadanganyifu.

Mwaka 1884 huko Marekani mtu mmoja aitwaye John Finley alitangaza matokeo ya utabiri wake wa dhoruba za kimbunga ziitwazo tornado. Katika mara 2,803 alisema sawa mara 2,708, yaani zaidi ya 96 katika kila 100. Watu walistaajabu. Kisha wakosoaji wakafungua vyumba vyake vinne. Dhoruba zilitokea mara 51 tu. Finley alizitabiri mara 100, akapata 28 na akapiga kengele za bure 72, na dhoruba 23 zilikuja bila ya yeye kuzitaja. Wakaonyesha kwamba lau angalilala kitandani mwake na kusema kila siku, "Leo hapana dhoruba," angalisema sawa mara 2,752, yaani zaidi ya 98 katika kila 100. Mvivu angalimshinda mfanyakazi! Fahamuni basi, vijana, kwamba mtu awaambiaye kuwa utabiri ni sahihi "asilimia 90" hajawaambia kitu bado. Katika bonde ambalo mvua ya kuleta gharika hunyesha siku chache kwa mwaka, hata jiwe laweza kupata alama 90.

Wala makosa hayana bei moja. Kengele ya bure humgharimu mtu wa Budalangi siku moja ya kazi, nauli ya kuhamisha mbuzi na magunia, na kicheko cha jirani. Gharika isiyotangazwa humgharimu nyumba, na pengine mtoto. Mwenye akili atakubali kupigiwa kengele kadhaa za bure kuliko kukosa moja ya kweli. Lakini ni ngapi? Kengele zikizidi, watu huacha kuhama, kama mimi nilivyoacha kusikiliza. Kiasi hicho hakijulikani kwa hasira wala kwa imani. Hujulikana kwa daftari.

Kadhalika tujifunze lugha ya uwezekano. Mtabiri akisema kwamba mvua ina nafasi 7 katika 10, na isinyeshe, hajasema uongo. Alikwambia tangu mwanzo kwamba siku 3 zaweza kupita kavu. Kumpima, kusanya siku zote alizosema "7 katika 10". Ikiwa mvua ilinyesha katika siku kama 7 kwa kila 10, huyo ni mkweli kamili. Ikiwa ilinyesha katika siku 3 tu, basi hapo una haki ya kumwita mwongo, na una ushahidi mkononi.

Sasa niwageukie watoao utabiri, maana si haki kumkaripia msikilizaji peke yake. Tangazo lisemalo kwamba mvua ya kiasi hadi kubwa yatarajiwa katika sehemu kadhaa za magharibi haliwezi kukosea, na neno lisiloweza kukosea haliwezi kumsaidia mtu. Najua kwamba Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huambatanisha utabiri wa msimu mpya na maelezo ya mvua ya msimu uliopita, na hilo ni jema. Lakini mtu akaaye chini ya tuta la Nzoia hawezi kuhama kwa habari ya msimu peke yake. Anataka kujua: bonde hili, siku tatu hizi, milimita ngapi, kwa nafasi gani? Na msimu ukiisha, apewe vyumba vile vinne vya bonde lake, vibandikwe ukutani kwa chifu na shuleni, visomwe redioni kwa lugha aifahamuyo. Mwanafunzi hupewa ripoti yake mwisho wa muhula ijapokuwa ina alama mbaya. Kwa nini mtabiri asipewe?

Yuko atakayenipinga akasema, "Watu wakionyeshwa makosa, watapoteza imani." Hoja hii huifanya imani kuwa mtoto wa giza. Mwingereza Lewis Fry Richardson, katika vita kuu ya kwanza, alipokuwa akiendesha gari la wagonjwa huko Ufaransa, alijaribu kukokotoa kwa mkono hali ya hewa ya siku moja iliyokwisha kupita, yaani tarehe 20 Mei 1910. Hesabu yake ilitoa badiliko la mgandamizo wa hewa la milibari 145 kwa saa sita, hali kipimahewa siku ile kilikuwa karibu kimetulia kabisa. Lilikuwa kosa kubwa la kuaibisha. Richardson hakulificha. Alilichapa kitabuni mwaka 1922, na akaeleza njia yake yote. Waliokuja nyuma yake waliona kosa lilikoingia, na mwaka 1950 kompyuta ilitoa huko Marekani utabiri wa kwanza wa namna hiyo uliofaa. Kosa lililoandikwa lilizaa elimu. Lililofichwa lingalizaa kosa jingine.

Yuko pia atakayesema, "Haya ni mambo ya wazungu. Sisi tuna wazee wetu." Vema. Jirani zetu wa Bunyore, katika Vihiga, wana ukoo wa Nganyi uliosifika tangu zamani kwa kutabiri mvua kwa kutazama miti, ndege, wadudu na pepo. Katika miaka ya baada ya 2008 wazee hao waliketi pamoja na wataalamu wa hali ya hewa, wakalinganisha utabiri wao na wa kompyuta, na kutoa ushauri mmoja kwa wakulima. Jambo hilo lina heshima kwa pande zote mbili. Nami nasema kwamba kipimamvua hakiulizi kabila wala shahada. Mzee na apimwe, na kompyuta ipimwe, kwa kipimo kimoja na daftari moja. Asemaye sawa mara nyingi zaidi na asikilizwe zaidi. Anayekataa kupimwa, awe mzee au awe profesa, ametwambia kwa kukataa kwake jinsi anavyojiamini.

La mwisho, na liniumizalo zaidi, ni uvivu wetu sisi wa nchi ya juu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, walilitumia bonde hili la Nzoia kujaribia modeli ya mito waliyoitangaza mwaka 2011. Watu walio ng'ambo ya bahari wameuhesabu mto wetu, na sisi tunaokunywa maji yake tunacheka dirishani. Setilaiti hukadiria mvua kutoka juu, lakini makadirio yake hupotoka milimani, na hayawezi kusahihishwa ila kwa vipimo vya ardhini. Vipimo hivyo ni vichache mno. Shule nyingi nilizozipita zina kipimamvua kilichowekwa kwa sherehe, na leo ndani yake mna majani makavu na buibui.

Basi nawaambia ninyi msomao kurasa hizi, hasa mlio kati ya Kitale na Webuye, kazi hii ni yenu. Safisheni kipimamvua cha shule. Kama hakipo, mwombeni mwalimu wenu wa jiografia awafundishe kutengeneza cha chupa na rula. Kisimame mahali peupe, mbali na miti na kuta. Kila siku saa tatu asubuhi someni maji yaliyomo, hata siku za Jumapili, hata siku kavu, maana sifuri nayo ni habari. Katika ukurasa wa kushoto andikeni utabiri uliotolewa siku moja kabla, na katika wa kulia kile kilichonyesha. Msimu ukiisha jazeni vyumba vinne. Kisha pelekeni nakala kwa shule moja ya Budalangi, ili wao nao walinganishe na usawa wa mto wao.

Pengine mtaona kwamba utabiri ni mbaya kuliko mlivyodhani. Pengine mtaona ni mwema kuliko mlivyodhani. Mimi sijali ni lipi, mradi mliseme mkiwa na daftari mkononi. Na ikiwa siku moja jioni simu italia, na mtu wa chini ya mto akawauliza, "Huko juu mvua ikoje?" msitazame dirishani. Fungueni daftari, mkamwambie mlichopima, tangazo lilisema nini, na tangazo kama hilo limetimia mara ngapi katika mara kumi. Jibu hilo halitasimamisha maji. Lakini litampa nafasi ya kumtoa mama yake mchana, akitembea kwa miguu yake, na vyeti vyake vikiwa mfukoni.